Hedifoni Alizonunuliwa Bibi

Juzi nilitoka dukani mikono mitupu. Nilikuwa nimeingia kununua hedifoni, maana zile zangu zimechanika sponji na sauti ya upande mmoja inakuja na kuondoka kama umeme wa mgao. Muuzaji, kijana mchangamfu aliyejimwagia manukato ya kutosha ukoo mzima, akafungua boksi moja mbele yangu. Ikanipiga ile harufu ya ngozi ya bandia na sponji mpya, na kabla sijakaa sawa akauliza swali ambalo kila muuzaji mzuri huuliza: "Dada, wewe unasikiliza muziki gani? Maana kila muziki na hedifoni zake." Swali la kawaida kabisa. Mimi nikahisi masikio yananiwaka moto, nikasema nitarudi, nikatoka. Mtu mzima, mama wa watoto, nimekimbia swali la dukani.

Ngoja niwaeleze. Nyinyi wa rika langu mtakumbuka enzi ambazo nyimbo zilikaa kwenye memori kadi, ukienda kwa jamaa mwenye kompyuta anakujazia mpaka inafurika, na nusu ya alizokuwekea hukuziomba. Enzi hizo sisi tulikaa Mabatini, jirani na msikiti kiasi cha kusikia muadhini akikohoa kabla ya kuanza adhana. Baba alikuwa anauza magodoro. Babu yake alitokea Tabora zamani, na ukoo wao ulijulikana kwa utaratibu: kanzu iliyopigwa pasi, sauti ya chini, deni la mtu halilali. Mama alikuwa Msukuma wa Magu, aliyesilimu alipoolewa. Mama yake, yaani Bibi, hakusilimu wala hakubatizwa. Yeye alikuwa na ng'ombe wake, shamba lake na ngoma yake, na hakuona kilichopungua.

Bibi alikuja kuishi kwetu macho yalipoanza kuingia ukungu. Alikuja na kapu la viazi vikavu, mkeka, na kiredio cha kuchomeka memori kadi ambacho mjomba alimjazia ngoma za kwao. Asubuhi akishakunywa uji anakaa barazani, anakiweka kiredio kifuani, anafungulia mpaka mwisho. Mtaa mzima unajua Bibi kaamka.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Usukumani, mavuno yakishaisha, ngoma hushindana. Pande ni mbili, Bagika na Bagalu, na zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na mwimbishaji wake. Hakuna jaji. Watu wakikimbilia upande wako umeshinda, wakikuacha unajichezea na mbwa wako umeshindwa. Kwa hiyo mwimbishaji hawezi kuimba tu yaliyo yake. Lazima atege sikio asikie upande wa pili unamtukana vipi, halafu arudishie hapo hapo, kwa tusi tamu zaidi. Bibi alikuwa mwimbishaji wa Bagika enzi za ujana wake. Mama alisema watu walikuwa wanaacha kula wanakimbilia sauti yake.

Mimi yote hayo sikuyajali. Nilichojua ni kwamba wenzangu wa shule wakipita mbele ya nyumba walikuwa wanatikisa mabega na kukunja uso, halafu wanaulizana kwa sauti, "Hapa ndiyo kwa mganga, eti?" Jina likashika. Nyumba ya mwenye magodoro ikawa kwa mganga. Nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ili nisionekane nikiingia kwetu. Ukiwa mtoto, aibu haina sababu ndogo na kubwa, yote inakuvua nguo.

Baba naye yalimfika. Siku moja baada ya swala, mzee mmoja alimshika mkono kwa upole na kumuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa anayepigiwa ngoma, ili wamwombee dua. Baba alirudi nyumbani akakaa bila kuvua kofia. Mama akamuuliza kulikoni, akasema hakuna kitu.

Angekuwa mtu mwingine Baba angesema, "Punguza." Lakini Bibi alikuwa mkwe wake, na kwa desturi ya kwa akina Mama, mkwe si mtu wa kumsemesha ovyo. Baba hakula naye, hakuingia chumbani kwake, wala hakumtazama usoni. Wakikutana ukumbini alijibanza ukutani apite. Salamu zake alizipitisha kwa Mama au kwangu: mwambie Bibi shikamoo, Bibi anasema marahaba, basi, siku imeisha. Mtu ambaye huwezi kumtazama utamkatazaje muziki? Baba akaamua kumpa zawadi.

Kwanza alinunua zile za waya, ndogo, za kuchomeka sikioni. Matundu ya masikio ya Bibi yalizikataa. Akichomeka ya kulia, ya kushoto inadondokea kwenye uji. Na zilipokaa, hakufurahi.

"Zuhula," aliniita. Mimi ni Zuhura, na dada yangu ni Rukia, lakini kwa Bibi tulikuwa Zuhula na Lukia. "Nasikia nzi kwenye chupa. Bagalu wako wapi humu?"

Nikasikiliza. Kweli, wimbo ule ulirekodiwa kwa simu uwanjani, upande wa Bagika, na ndani ya vile vidude unasikia Bagika peke yao, tena kwa pua. Upande wa pili haukuwepo. Bibi akavirudisha kwenye boksi kwa heshima, akafungulia kiredio.

Ndipo Baba akaniambia nivae viatu, twende mjini tukamtafutie Bibi hedifoni za maana. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ndiye niliyejua anachosikiliza. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile. Nilishika memori kadi ya Bibi ndani ya ngumi, nikatembea pembeni ya Baba nikiwa nimenyoosha shingo.

Muuzaji alikuwa na hedifoni zimening'inia ukutani mpaka darini. Akatuletea za kwanza, nyekundu, akasema zinapiga besi mpaka meno yanacheza. Alitaka nijaribu kwa bongo fleva yake. Nikamwambia hapana, nikampa kadi. Besi kweli ilikuwepo, ila ngoma zote zilikuwa zimeungana zikawa uji, huwezi kujua ni mpigaji mmoja au kijiji kizima. Nikazivua. Za pili zilikuwa nyepesi, sauti ya mwimbishaji ilitoka safi kama anaimba jikoni kwetu, lakini ngoma zilikuwa zimekondeana, kama mtu anagonga sufuria tupu. Bibi asingezikubali.

Za tatu zilikuwa kubwa, nyeusi, zinameza sikio lote. Nilipozivaa, mtaa ulizimika. Nilimwona muuzaji akifungua na kufumba mdomo bila kusikia neno. Halafu Bagika wakaingia, ngoma moja moja, na nyuma yao, mbali, kama ng'ambo ya mto, nikawasikia Bagalu. Nilisikia ngoma zao ndogo, nikasikia mwanamke wa upande ule akipaza sauti, hata mbuzi wa mtu alilia mahali. Mwili ulinisisimka. Mimi niliyekuwa nazunguka njia ya nyuma nilisimama katikati ya duka nikajikuta nachezesha bega.

"Baba, hizi!" Nadhani nilipiga kelele, maana watu waligeuka.

Baba hakutaka kusikiliza. Alinivua hedifoni, akazibana pamoja sikio kwa sikio, akaweka kiganja chake pembeni, akainamisha kichwa. Akamwambia muuzaji aongeze sauti. Akasogea hatua kadhaa, akarudi.

"Mtu akivaa hizi, wa pembeni anasikia?"

"Hasikii, mzee. Hizi zimefungwa kotekote."

"Hata akifungulia mpaka mwisho?"

"Hata mpaka mwisho."

"Na mlango ukiwa wazi?"

Muuzaji alicheka, akaapa kwa mama yake. Mimi nilimtazama Baba kwa mapenzi makubwa. Nilidhani anahofia muziki wa Bibi utapotea njiani. Nilidhani anataka kila pigo la ngoma limfikie Bibi lote, lisimwagike hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikiamini hakuna mtu Mwanza nzima anayempenda mkwe wake kama baba yangu.

Bibi alizivaa. Kisha akashika goti langu.

"Hawa hapa! Zuhula, hawa hapa! Nawasikia wanavyonitukana!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anaelekeza kidole hewani, huku Bagika, kule Bagalu, kama yuko uwanjani. Tangu hapo alimsimulia kila jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Mkwe wangu huyo. Hasemi, ila anajua. Kajua masikio yangu yanataka nini." Na akimaliza ananiagiza, "Kamwambie Baba Lukia wabeja sana." Nilipeleka asante hizo kwa Baba. Alikuwa anaitikia "haya" akitazama pembeni, na mimi nilidhani ni ile haya ya mkwe.

Nyumba ikatulia. Wenzangu wakasahau jina la mganga. Bibi alikaa barazani na masufuria yake mawili meusi masikioni, midomo ikicheza bila sauti, na aliyepita alimwona bibi kizee wa kawaida anayeota jua. Mara moja moja alivuma kidogo, kama mtu anayebembeleza mtoto. Hakuna aliyejali.

Mwaka ule Rukia alipata mchumba, kijana wa Nyakato, fundi wa kiwandani, na wazazi wake wakatuma watu kuleta posa. Nyumba ilifagiliwa mpaka juu ya paa. Mama alipika vitumbua na sambusa tangu alfajiri. Baba alivaa kanzu yake ya Idi, akawa anapita sebuleni akinyoosha vitambaa vya makochi ambavyo vilikuwa vimenyooka. Rukia ndiye aliyenitia huruma. Yule kijana alimpenda kwelikweli, na ukoo wa kijana ulisemekana ni wa watu wachaguzi, wameshaacha posa mbili njiani kwa sababu za kipuuzi. Alinishika mkono jikoni akaniambia, "Leo usimwage kitu, Zuhura. Nakuomba."

Bibi hakuwa wa kukaa sebuleni na mkwe wake. Mama akampeleka chumbani kwake, pazia likashushwa, akavaa hedifoni zake. Akamwambia apumzike tu, wageni wakiondoka tutamletea sambusa.

Wakaja baada ya Alasiri. Mshenga alikuwa mzee mwembamba mwenye maneno mengi, na aliyefuatana naye ni shangazi wa kijana, mama mnene aliyevaa baibui, aliyekaa kochi la karibu na korido. Salamu zikaenda, chai ikamiminwa, sikumwaga. Mshenga akakohoa, akaanza. Alisema wamepita njia, wameona ua zuri kwenye bustani ya watu, nao si watu wa kuchuma bila hodi. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Hapo ndipo sauti ilipotoka koridoni.

Sikuwahi kuisikia sauti ile maishani mwangu. Haikuwa ya kizee. Ilipanda juu moja kwa moja, ikaning'inia, ikashuka na maneno, Kisukuma kitupu, kwa kujiamini kwa mtu aliye mbele ya uwanja uliojaa. Kikombe cha mshenga kilibaki hewani.

Kisukuma changu kilikuwa cha jikoni, lakini kilitosha. Bibi alikuwa anawajibu Bagalu. Aliwaambia: nyinyi mliokuja na matumbo matupu, nani kawaita? Mnataka ng'ombe wetu, mnatuletea mbuzi mwenye upele? Rudini kwenu, mama zenu wanawatafuta. Akarudia kibwagizo. Mbuzi mwenye upele! Mbuzi mwenye upele!

Mshenga hakujua Kisukuma. Uso wake ukachanua. "Mashaallah," akasema, "kumbe tunaimbiwa!" Akamgeukia shangazi. "Wanatukaribisha vipi, dada?"

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, mtandio kaufumbata mdomoni, na sikujua kama anacheka au anazuia hasira. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia, rangi imemtoka. Baba alikuwa anatazama zulia. Jasho lilimtoka kipajini likashuka mpaka kwenye ndevu, hakulifuta. Kutoka chumba cha pili nilimsikia Rukia akilia kwa kujiziba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona aibu kwa ajili ya Bibi, kwa ajili ya Baba, kwa ajili ya ule mbuzi, kwa ajili ya kila kitu cha kwetu.

"Zuhura," Baba akasema bila kuinua kichwa. "Nenda."

Nikaenda. Bibi alikuwa ameketi kitandani, macho kayafumba, mkono mmoja umeinuka, mabega yanakwenda. Nilimwita, hakusikia. Nilikuwa nimezichagua hedifoni zile vizuri mno. Nikamvua.

Sauti yake ikaendelea peke yake ndani ya chumba, mstari mmoja na nusu. Kisha akaisikia. Nilimwona anavyoisikia. Akanyamaza.

"Zuhula. Nilikuwa naimba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nguvu?"

"Ndiyo."

Akajishika mdomo. Nilimwonea huruma, nikataka kumtoa lawama, na mtoto akitaka kumtetea mtu hutetea kwa chochote kilicho karibu. "Siyo kosa lako, Bibi," nikamwambia. "Na siyo kosa la hedifoni, hizi ni nzuri kweli, hazitoi sauti nje. Baba alizipima kwa kiganja dukani. Aliuliza mpaka muuzaji akachoka. Ile redio ilikuwa inafika msikitini, lakini hizi hazifiki hata mlangoni."

Bibi alinigeuzia yale macho yenye ukungu.

"Alizipima kwa kiganja?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ngoma akazisikiliza?"

"Hapana. Ngoma nilisikiliza mimi."

"Yeye alisikiliza nini?"

Nikafungua mdomo kujibu, na hapo hapo, mdomo ukiwa wazi, nikaelewa Baba alikuwa anasikiliza nini. Bibi alikuwa ameshaelewa kabla yangu, na kilichoniumiza ni kwamba hakukasirika. Alijikunja tu, kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Kumbe," akasema. Akatafuta khanga yake kwa kupapasa, akajifunga vizuri, akasimama. Nilimwambia abaki. Akatembea na mkono ukutani mpaka sebuleni, na mimi nyuma yake na zile hedifoni mkononi, sijui niziweke wapi.

Baba alipomwona akaruka kusimama, akatafuta pa kupita, lakini kochi la shangazi lilikuwa limeziba njia. Bibi akapiga magoti katikati ya zulia, yeye mzee wa kupigiwa magoti, mbele ya mkwe wake.

"Kalibuni wageni," akasema. "Nisameheni. Mimi mzee, sikujua sauti inatoka. Nilikuwa na watu wangu wa zamani, siyo nyinyi." Kisha akageuza uso upande ule aliohisi Baba yupo, bila kumtazama, kama desturi inavyotaka. "Na wewe, Baba Lukia, nisamehe. Ungemwambia mtoto aniambie tu, Bibi, nyamaza. Ningenyamaza."

Baba alifungua mikono akaifumba. Mkwe wake amempigia magoti mbele za watu, na yeye, mtu wa utaratibu, hakujua hata aelekee wapi.

Aliyetuokoa ni shangazi, au alijaribu. Alishuka kwenye kochi, mwili wake wote ule, akapiga magoti mbele ya Bibi, akamshika mikono. Mtandio ulipotoka mdomoni nikaona kuwa alikuwa anacheka muda wote, macho yamejaa machozi ya kicheko. Akamsalimia kwa Kisukuma, akamwita mayu, yaani mama. Akasema yeye ni mtoto wa Misungwi, na baba yake alikuwa Bagalu, na mbuzi mwenye upele hajamsikia tangu utotoni. Mshenga aliuliza mbuzi gani, hakuna aliyemjibu. Kisha mama yule, palepale kwenye zulia letu, kwa sauti ndogo ya kujaribu, akaimba jibu la Bagalu. Lilikuwa tusi zuri sana, kuhusu wanawake wa Bagika na ugali wao mbichi. Akalimaliza, akanyamaza, akatikisa kidogo mikono ya Bibi, akangoja.

Sote tukangoja. Mama aliweka sinia chini. Rukia alitokeza kichwa kwenye pazia, macho mekundu.

Bibi alikuwa ameinamisha uso, midomo imefungwa.

"Mama," Baba akasema. Nilishtuka, kwa sababu sikuwahi kumsikia akimsemesha. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama, wanakungoja. Wajibu."

Bibi alitoa mikono yake taratibu kwenye mikono ya shangazi, akaitumia kujisukuma ainuke.

"Chai ya wageni imepoa, Baba Lukia," akasema.

Nikachukua birika, nikaenda jikoni kuipasha.